Mapovu Katika Chumba cha Yoba

Fundi Elia,

Mi Zaituni. Najua ungesema, "Nani mwingine angenisumbua hadi huku?" Bon, vumilia. Tangu tukuzike kwenu Muyinga sina mtu wa kumpigia kelele, na maneno yamenijaa kifuani.

Chumba chako cha kazi hapa mtaani Yoba bado kipo. Mjomba wangu hakumpangisha mtu mwingine. Alisema mwanafunzi wako amebaki, basi na kazi imebaki. Alisema mbele ya watu, nami nikainamisha kichwa kama mtu anayejua anachofanya. Yebaba we! Sikujua kitu.

Wa kwanza kunitafuta alikuwa mama yako. Alipiga simu: mvua imeanza, nyanya zitashikwa na ukungu, na mkono wa pompi yake ya kupulizia dawa umekatika tena. Majirani zake hali ni hiyo hiyo. Dukani hawauzi mkono peke yake, wanataka ununue pompi nzima. Ndiyo kazi uliyoanzia wewe. Ulichonga mkono wa mti, ukaumwagia silikoni, ikaganda laini kama mpira, ukaipasua kwa wembe ukatoa mti, ukabaki na mule, yaani kalibu yenye umbo la mkono. Humo ndimo tunamwaga zile rezini mbili, dawa za maji za plastiki, tukishazichanganya, na kabla chai haijapoa plastiki imekuwa ngumu. Kwako ilikuwa rahisi hivyo.

Mi nikamwaga, yakatoka mandazi. Kweli kabisa, mkono umevimba, ndani mashimo matupu. Nikaukunja kidogo ukanivunjikia mkononi. Nikapima upya, nikakoroga polepole, nikabadilisha kikombe, nikafungua kopo jipya. Mandazi tena. Nikasema labda mkono wangu una kisirani. Nikasema labda umeondoka na kazi yako kwa kunichukia. Nililia, Fundi, rezini imenigandia hadi kwenye mtandio. Mama yako akipiga, naiacha simu inalia.

Na unajua siku yangu ilikuwa inaanzaje? Kama nilivyolelewa: nachota maji, nanyunyiza sakafu yako ya udongo vizuri ili vumbi litulie, ndipo nafagia. Enzi zako ulikuwa unanizuia mlangoni. "Mama Usafi, kafagie kwa mjomba wako." Nikadhani ni uvivu wa wanaume, nikakusema kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Ulipokufa nikaapa chumba cha marehemu kitang'aa. Ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo ya kukupa.

Halafu tukaenda Muyinga kuanua matanga. Wenzako mliorudi nao kutoka ukimbizini Tanzania waliimba, mchungaji akaomba, kaka yako akatangaza msiba umekwisha, kila mtu arudi shambani. Mama yako hakuniuliza habari za mkono. Alinifungia tu ndizi za kula njiani. Hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Kurudi Yoba nikakuta chumba kimekauka, vumbi hadi juu ya mizani, maana kilikuwa kimefungwa muda wote. Nguvu ya kushika ufagio sikuwa nayo. Nikamwaga hivyo hivyo, kwa hasira. Mkono ukatoka safi! Mzito, bila povu hata moja. Nikakaa chini kwenye vumbi lako nikacheka mpaka mke wa mjomba akaja kuchungulia. Kumbe ni maji, Fundi. Rezini inakunywa unyevu wa hewani, na mi kila asubuhi nainywesha. Mbona hukuniambia? Neno moja tu! Lakini na mi, lini nilikuacha umalize kusema.

Mikono ya pompi niliipeleka Muyinga mwenyewe. Mama yako akafunga mmoja, akabeba pompi mgongoni, akaingia kwenye nyanya akipampu kwa nguvu zote, maana yule mama hajui kwenda taratibu. Nikasimama pembeni. Mkono ukashika, haukukatika. Akamaliza tuta lote, akarudi, akaupapasa ule mkono, akauliza, "Huu Elia aliuacha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Angefurahi, hata mi ningefurahi. Nikamwambia, "Hapana, mama. Huu nimeutengeneza mi." Akageuka kutazama nyanya. Nikaogopa nimekuua mara ya pili. Halafu akanishika viganja, akavigeuza, akaangalia pale rezini ilipogandia. "Basi yupo mtu wa kazi hii," akasema, akarudi kujaza pompi.

Nimekukumbuka hapo kuliko siku ya kaburi.

Mule yako imezeeka, inaanza kuchanika, na mti uliouchonga mchwa wameumaliza. Lazima nichonge mwingine. Nimeshapata kipande cha mti wa grevilia kilichokauka. Hautafanana na wako, nakwambia mapema ili usinune. Wako ni mwembamba shingoni, Fundi, ndiyo maana unakatika, na mi nilikuwa naliona siku zote nikaogopa kukusahihisha. Wangu utakuwa mnene hapo.

Nakuombea kwa dua zetu, mama yako anakuombea kwa zao. Lala, Fundi wangu. Nakuahidi nyanya za mama yako hazitakosa kupuliziwa nikiwa hai, na shingo nitainenepesha.

Zaituni