Sindano Kwenye Matanga Yako

Mzee Wandera,

Mwalimu wangu, nakuandikia na hasira bado ninayo. Mtu hafi hivyo! Chanjo ya surua imeletwa jana yake kutoka Tororo, mafuta ya taa ya friji ya zahanati yetu yamekwisha na hata kwa magendo hayapatikani, kijiji cha Kisoko wanazika watoto kwa surua hiyo, na wewe asubuhi hiyo hiyo unashika kifua na kulala moja kwa moja. Ukaniachia mimi Nekesa, msaidizi wako, sanduku la chanjo, na kijiji chako chote cha Tiira hakijachanjwa mtoto hata mmoja.

Na kutochanjwa huko sababu ni miwani yako. Nani alikutuma kununua miwani ya jua upande wa Kenya? Nilikuambia, siku hizi anayeshuka kwenye gari la serikali na miwani ya hivyo amekuja kuchukua mtu, na anayechukuliwa harudi. Ukasema, "Macho yangu hayapatani na jua." Haya! Tuliposhuka tu Tiira, kijiji kizima kikatumbukia kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, kina mama na watoto wao. Ukainama mdomoni mwa shimo ukiita, "Jamani, ni mimi Wandera, mtu wa hapa hapa!" Sauti ikajibu kutoka chini, "Hatupo!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulininunia hadi Busia. Tangu siku hiyo walikuwa wakisikia injini tu, wanatoweka.

Sasa sikia mambo ya matanga yako.

Nilivuka mpaka kwa miguu nikaomba barafu kwa mama mmoja muuza samaki. Kurudi, pale kwenye kizuizi cha barabarani askari akagonga sanduku kwa bunduki. "Wewe, hii ndani iko nini?" Nikaangua kilio. Sikuigiza, machozi yalikuwa karibu. Nikasema ni vitu vya maiti. Akaruka nyuma! "Toka nayo! Kwenda! Kwenda haraka!"

Nafika kwako, nakuta watu! Wale wa mashimoni wote, na watoto wao hadi wa mgongoni. Nani akose kumzika mtu wa kwao, kesho asemwe ndiye aliyemloga? Nikamnong'oneza mkeo. Mama Nabwire akafuta machozi, akachukua mwiko, akasimama mbele ya masufuria na kutangaza kwamba marehemu ameacha neno: nyumba ambayo mtoto wake hajachomwa sindano haionji nyama. Hukuacha neno lolote, mimi nilikuwepo. Ulisema tu, "Nekesa, leta maji," ukaenda zako. Lakini nani atabishana na mjane mbele ya maiti?

Foleni ikapangwa kando ya jeneza lako. Shangazi yako akatia chumvi kwenye sufuria niliyokuwa nachemshia sindano, akidhani ni mchuzi. Nikamwaga, nikachemsha upya, watu wakingoja na njaa yao. Mjomba wako, yule kibogoyo, naye akaja amekunja mkono wa kanzu. Nikamwambia, "Babu, hii ni ya watoto." Akafoka, "Mimi pia nimefiwa!" Ikabidi nimpake spiriti, nimbandike pamba, akaenda kula ameridhika kabisa.

Nilichoma mpaka vidole vikafa ganzi. Walipokushusha kaburini sikuwepo, Mzee. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtoto anayepiga mateke, wimbo nausikia tu kwa mbali, na barafu imebaki maji matupu. Ningeacha foleni nije kukuaga, dawa ingeharibika. Linaniuma hilo. Linaniuma sana.

Surua ilikuja, kama ulivyohofia. Ililetwa na jamaa wa Kisoko waliokuja kutoa pole baada ya maziko. Nilizunguka nyumba kwa nyumba roho mkononi, kila nikisikia mtoto analia naingia bila hodi. Huyu analilia ziwa la mama, yule kapigwa na dada yake, mwingine kanyimwa muwa. Vilio vya watoto wazima, Mzee wangu.

Buriani. Watakaozaliwa nitawafuata mwenyewe, kwa miguu, wala sitawangoja mpaka wafiwe. Nyasi zimeanza kuota juu yako. Kaburi lako ndilo la mwisho kuchimbwa Tiira.

Mimi wako,
Nekesa