Nyuma ya Kitabu cha Rambirambi

Jumapili, 4 Mei 2025

Nthoki,

Clare ndiye amesema tuanze hivi, kwa jina la aliyeondoka. Mimi ningeandika tarehe tu, kama kwenye kitabu cha safari nilipokuwa dereva. Clare ni yule muuguzi mstaafu anayeongoza kikundi cha wafiwa baada ya ibada. Leo ametugawia kalamu. Watu wazima tisa, kalamu tisa, kama tumeanza darasa la kwanza. Tuandike kwa mkono dakika ishirini kila siku, si kwa simu. Eti wasomi wamefanya utafiti: mkono ukienda polepole, moyo nao unapata nafasi ya kusema.

Chege, muuza mitumba aliyefiwa na mkewe Februari, akamuuliza, "Na kama mkono inauma, Madam?"

Clare akamwambia, basi andika kwamba unauma.

Unauma.

Daftari sina. Nimepekua nyumba nzima, nikapata hiki tu, kitabu chako cha rambirambi, ambacho mdogo wako Nzisa alikishonea kitambaa cheupe na kubandika picha yako. Watu walijaza kurasa kumi na moja. Zilizobaki ni tupu. Nimekigeuza, naandika kutoka nyuma. Si kukosa heshima. Karatasi ni nzuri.

Dakika sita. Inatosha.

Jumanne, 6 Mei

Sina la kuandika. Maji yamekatika tangu jana, mtaa mzima wa Mowlem unatembea na mitungi. Kalamu ya Clare inavuja, kidole changu ni cha bluu.

Niliandika, "Nthoki alikuwa mke mwema," nikakata. Hayo ni ya kutangaza kwenye tanzia. Wewe ulikuwa unagonga redio kwa kijiko ikikwaruza, na redio ilikuwa inakutii. Mimi nikiigonga hainyamazi.

Alhamisi, 8 Mei

Leo mkono umekwenda mahali nisipoutuma. Kwenye simu ningefuta. Hapa hata nikikata bado inasomeka, kwa hiyo naiacha.

Nilidanganya. Nzisa alipofika wodini akiwa anahema, aliniuliza ulisema nini mwisho. Nikamwambia ulisema, "Bwana ni mwema, niko tayari." Akalia, akanikumbatia, nikaona nimempa kitu cha kushika. Kesho yake kilikuwa kwenye tanzia. Keshokutwa yake mchungaji alikihubiri.

Sikuwepo, Nthoki. Nilikuwa nimeshuka kantini. Ulikuwa umesema unataka chai, ukaniita nikiwa tayari mlangoni: "Musyoka, usijaze sukari. Wewe huniharibia chai." Nikacheka. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi na kikombe pazia lilikuwa limevutwa.

Hayo ndiyo maneno. Sijawahi kumwambia mtu.

Baada ya kuandika nililala kwenye kochi mchana kutwa, kama mtu aliyepakua lori la simiti peke yake.

Jumatano, 18 Juni

Clare ameniuliza kama kuandika kunasaidia. Nikamwambia mwandiko wangu umenyooka. Hakupenda jibu hilo, alitaka habari za moyo. Lakini ndivyo ilivyo. Mwezi wa tano herufi zangu zilikuwa zinaanguka kama walevi. Sasa zinasimama. Na nakula chakula cha jioni. Sijui kama hayo mawili yanahusiana, Clare aulize wasomi wake.

Chege bado anaandika kwa simu. Anamtumia mkewe ujumbe wa WhatsApp kwa namba yake ya zamani, na haufiki. "Tiki moja tu, mzee. Kila siku tiki moja." Alicheka, halafu hakucheka tena.

Nzisa ameunda kundi la WhatsApp, "Nthoki Mwaka Mmoja". Jumbe sitini kabla ya saa nne asubuhi, arobaini zikiwa "Amina". Dadako huyo angepewa wizara, nchi ingekuwa inalala saa tatu na kuamka saa kumi.

Jambo dogo lisinipotee: ulikuwa unaandika vitu vya kununua mgongoni mwa mkono wako. Nyanya, dhania, viberiti. Siku ile hospitalini mkono ulikuwa safi. Ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nzisa amekuja kutoka Buruburu bila kupiga simu. Ibada ya mwaka ni tarehe thelathini, nyumbani kwetu mjini Wote. Msalaba wa mbao kaburini kwako utaondolewa, kutawekwa jiwe. Fundi wa mawe yuko kule Jogoo Road na jiwe liko tayari, limebaki maneno.

"Nimeshampa," akasema. "Bwana ni mwema, niko tayari. Herufi kubwa. Mtu apite aone imani ya dada yangu."

Nikashika kikombe.

"Shemeji, hata hufurahi?"

Nikasema nafurahi.

"Na kile kitabu cha rambirambi kiko wapi? Tutakiweka tena mezani, watu waandike kwenye kurasa zilizobaki."

"Kiko."

"Kiko wapi?"

"Kiko salama."

"Ai, unajibu kama karani wa ofisi ya ardhi." Akanyanyua mto wa kochi, hakuwa mbali nacho. "Nitakichukua Jumamosi nikienda kwa fundi. Nikikikuta na doa la chai, utanijua."

Doa la chai. Laiti lingekuwa doa.

Kanisa zima litakuwa kwenye foleni na kalamu, na kila anayetafuta ukurasa mtupu atajikuta wodini na mimi. Atasoma pia kuhusu wizara.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimuuliza Clare kwa kuzunguka. Je, mtu mwingine akisoma? Akasema haya ni yako peke yako, yalinde. Asante, Clare. Nimesaidika sana.

Chege alinishika nje, nikamweleza nusu. "Choma, mzee. Sema ni panya."

"Panya hawachomi vitabu."

"Basi sema walikula. Nani ataenda kuuliza panya?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefanya ujinga. Nilishika ile karatasi ya mwisho, yenye siku tatu za kwanza, nikaivuta. Ikachomoka nusu, na upande wa mbele ukachomoka nusu pia. Kitabu kimeshonwa katikati. Karatasi ya mwisho na ya kwanza ni karatasi moja iliyokunjwa.

Na ya kwanza ni ya Mwaitu.

Unajua mama yako alijifunza kuandika kwenye darasa la ngumbaru, akiwa na miaka sitini na kitu. Siku ile ya mazishi Nzisa alimshikia kitabu, watu wamejipanga nyuma yake, na akatumia dakika kumi kuandika maneno matatu: Nthoki mwana wakwa. Nthoki mwanangu. Hakuna aliyemharakisha. Januari akakufuata. Sijui kama kuna mwandiko wake mwingine popote.

Nimeshinda na sindano na uzi wako mweupe. Mkono wangu mkubwa, sindano yako ndogo. Nimejidunga mara nne. Lakini imeshika.

Kisha nikachukua wembe. Ukikata na kuacha kipande kidogo cha karatasi, ya Mwaitu haitatoka. Inawezekana kabisa. Nikasoma kwanza kabla ya kukata, na hapo nikakwama. "Usijaze sukari. Wewe huniharibia chai." Kwenye tanzia hayapo. Kwenye jiwe hayatakuwepo. Yako hapa tu, kwa bluu inayovuja. Nikiyakata, kila mahali yatabaki maneno yangu, na yako hayatakuwa popote.

Nimerudisha wembe bafuni.

Alhamisi, 14 Agosti

Fundi wa mawe amenipigia. Nzisa alimpa namba yangu. Anahakikisha maneno kabla ya kuchonga Jumamosi saa nane mchana. "Mzee, nikishachonga nimechonga. Hii si penseli."

Nikamwambia asubiri kidogo. Akauliza asubiri nini. Nikasema mtandao unakatika.

Uongo mwingine. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nthoki,

Saa tano na nusu. Nzisa yuko sebuleni, mimi niko chumbani, mlango nimerudishia. Nimemwomba dakika kumi.

"Unaandika mtihani?" ameuliza.

Nimesema karibu namaliza.

Jana nilijaribu kuyasema kwa sauti mbele ya kioo. Hayakutoka. Mdomo unajua kukwepa, umezoea. Kwa hiyo nitampa kitabu chenyewe, kimegeuzwa, wazi kwenye siku ya tatu. Asome peke yake, nimkalie mbele. Akigeuza upande wa pili atakutana na Mwaitu. Akinitukana, anitukane. Dada ni wake pia, na mwaka mzima nimemwacha ameshika kitu ambacho si chako. Kama bado atataka jiwe liseme hivyo, atakuwa amechagua akijua.

Mwandiko bado umenyooka. Nimeutazama. Clare aandike hilo kwenye utafiti wake.

Namsikia jikoni sasa, amechoka kungoja. Anafungua makabati kwa fujo, vikombe vinagongana. Ananiita: "Shemeji, unaweka sukari vijiko vingapi?"

Nimemjibu nakuja.

Wewe, popote ulipo, wasikuonyeshe lile jiwe. Nikumbuke mlangoni, nikienda kukuletea chai.