Uso Uliomtengenezea Baba Yangu

Mwalimu,

Shikamoo. Ninakusalimu kwa sababu ulinifundisha adabu, usidhani nimefurahi nawe. Arobaini yako ilisomwa kwenu Waa juma lililopita. Pilau ililiwa, watu wakakusifu mpaka nikainamisha kichwa, wakadhani ninalia. Nilikuwa ninaogopa tu kwamba nikifumbua mdomo nitasema jambo ambalo ndugu zako hawajawahi kulisikia juu yako.

Maktaba ipo. Mkuu mpya hajaletwa, kwa hiyo funguo ninazo mimi na kiti chako ninakikalia mimi, ingawa ule mto wako ulionuka mafuta ya karafuu nimeutoa. Karani wa ofisi ya jirani bado anainua mkono wa ile simu tunayochangia tukiwa katikati ya kazi, laini inakatika, mtandao unapotea, nami ninagonga ukuta kwa kiatu kama ulivyokuwa ukigonga wewe. Watoto wa shule wanakuja kila alasiri. Wengine huuliza Mwalimu yuko wapi, kisha wanakumbuka, wanaona haya, wanajifanya wanatafuta kitabu.

Unaikumbuka siku ilipoletwa kompyuta? Hoteli moja ya Diani ilikuwa imenunua mpya, ikatupa sisi ile ya zamani pamoja na skana yake, na ndani wakasahau programu waliyokuwa wakitengenezea picha za matangazo. Faili za kwanza tulizozikuta zilikuwa za ufuo ule ule, mara maji ya kawaida, mara maji ya buluu ya kupindukia, na mnazi umeongezwa mahali ambapo mimi ninajua pana jaa la taka. Tulicheka mpaka ukavua miwani ukafuta macho. Kisha ukasema, "Wao wanaongeza, Mejumaa. Sisi tutafuta doa tu. Maktaba haiongezi mtu." Niliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu. Bado yapo.

Zikaja zile mvua za El Nino. Makuti yalioza, mabati yalivuja, na mvua zilipokwisha watu wakaanza kutuletea picha zao zilizolowa. Bibi harusi waliogandana na kioo, mababu waliosimama kando ya baiskeli, watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Tulikuwa tunazipitisha kwenye skana, tunafuta madoa, na kila picha tunaiandikia kadi: nani aliyemo, nani ameileta, na sisi tumegusa wapi. Kuna siku nilikata kipande cha ukuta kutoka upande mmoja wa picha nikazibia mpasuko upande wa pili, nikasahau kuandika. Ulinisimamisha mbele ya wasomaji ukaniambia kadi isiposema, picha inasema uongo. Nilikwenda kulia stoo kati ya magazeti ya zamani. Nilikuchukia nusu saa, halafu nikarudi kuandika kadi.

Habari za baba yangu ulizijua wewe kuliko mtu yeyote. Nilikusimulia zote, vipande vipande, tukibandika namba kwenye migongo ya vitabu. Kwamba alikuwa mkata miwa Ramisi. Kwamba homa ilimchukua mimi nikiwa tumboni. Kwamba mama alinibeba nikiwa mchanga akarudi kwao Samburu, akaolewa tena, akafa nikiwa darasa la saba bila kuniachia hata picha ya pasipoti ya mumewe wa kwanza. Nilipopata kazi hapa Msambweni ndipo nilipomtafuta shangazi yangu Mwanamisi, dada wa baba, huko huko Ramisi. Akaniambia picha ipo moja, ya wakata miwa wamesimama mstari, babako ni wa tatu. Iko chini kabisa ya sanduku, njoo Idd nitakutolea. Sikumhimiza. Siku ya kwanza kumjua mtu, utaanzaje kumwomba vitu?

Mvua hazikusubiri Idd. Sanduku lilipofunguliwa, picha ilikuwa imegandana na kitambaa, na shangazi alipoibandua, kitambaa kikaondoka na uso wa yule wa tatu. Kikaacha shati, panga, miguu pekupeku. Pale penye uso pakabaki weupe.

Nilikuletea wewe. Uliipeleka dirishani, ukaigeuza, ukaniambia neno moja tu, "Niachie."

Miezi miwili baadaye uliniita. Ulisema umeandika barua pepe kwa maktaba moja ya ng'ambo inayohifadhi makaratasi ya mashamba ya zamani ya pwani, nao wamepata nakala nyingine ya picha ile ile, wakaituma. Ulikuwa umekwisha kuichapa. Ukaniwekea mezani, kisha ukaenda ukasimama nyuma ya rafu ya vitabu vya dini ili nimtazame baba yangu peke yangu. Mwalimu, nililia kwa sauti. Nilikuombea dua ambazo sijawahi kumwombea mtu aliye hai.

Shangazi nilimpelekea nakala. Aliishika kwa mikono miwili akasema, "Ndiye huyu. Ndiye huyu," akaitundika mkabala wa kitanda chake. Nyingine tuliitundika maktaba. Kila aliyeingia alisimama akaitazama, akanigeukia: jamani Mejumaa, wewe na babako shilingi kwa ya pili! Nami mjinga wa watu ninainua kidevu. Nawe ulikuwepo. Ulikuwa umekaa pale pale ukipanga kadi, unasikia, na hukuwahi kuinua uso.

Ulipozikwa, kaka yako aliniletea boksi la disketi zako. Alisema mambo ya kazi haya, sisi hatuyajui. Nilizipitia moja moja nikidhani nitakuta orodha za vitabu. Moja uliiandika kwa mkono wako, "Ripoti za zamani." Haikuwa na ripoti.

Ilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni jibu la wale watu wa ng'ambo. Wanakushukuru kwa kuwaandikia, wametafuta kwa makini, wanasikitika kwamba hawana picha yoyote ya wakata miwa wa Ramisi. Jibu hilo ulilipata wiki nzima kabla hujaniita. La pili ni picha ya baba, lakini haijabanwa kuwa picha moja. Ilikuwa bado iko kwenye matabaka yake, moja juu ya jingine, jinsi ulivyonifundisha kufanya kazi, na kila tabaka lina kijicho chake pembeni. Ukikifunga kijicho, tabaka linatoweka. Nikafunga cha kwanza, michirizi ya uzee wa karatasi ikaondoka. Nikafunga cha pili, mikunjo ya paji la uso ikaondoka. Nikafunga cha tatu, masharubu yakaondoka.

Nikabaki mimi.

Picha yangu ya kitambulisho cha kazi, ile uliyonipiga wewe mwenyewe nje ya mlango wa maktaba. Mtandio umekatwa, shingo imeunganishwa na shati la mkata miwa, na matundu ya vipuli umeyaziba. Mwalimu, ulikaa ukaziba matundu ya masikio yangu! Ni kazi safi, hilo sikunyimi. Hata sasa ninapojua pa kutazama, mshono siuoni.

Unajua nimeufanya nini uso huo? Nimeuombea. Kila Ijumaa nikinyanyua mikono kumwombea baba rehema, huo ndio uliokuwa unanijia. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikijiombea mimi mwenye masharubu. Ningeweza kucheka kama lingekuwa limempata mtu mwingine.

Nilifunga mlango siku mbili, nikaandika nje kwamba tunahesabu vitabu, nikafungua faili zote tulizowahi kutengeneza. Bibi harusi wote, mababu wote, wale watoto. Nilizilinganisha na karatasi zilizolowa, na kadi zako, mstari kwa mstari. Zote ni za kweli. Hukuongeza hata kifungo cha shati. Nilidhani nitapumua, kumbe niliumia zaidi. Ungekuwa umewadanganya wote ningesema basi, ndiyo tabia yake, tulikuwa hatumjui. Watu wengine wote uliwapa ukweli, mimi peke yangu ukanivika kilemba cha ukoka.

Ninajua ungejiteteaje. Ungevua miwani, ungesema ulinihurumia. Huruma gani hiyo? Ungenihurumia ungeniambia, Mejumaa, wamejibu, hawana. Ningelia juma zima, ningekunyima chai, kisha ningeuzoea weupe ule. Ulikuwa weupe wangu. Baba yangu alikuwa ndani yake, hajulikani, lakini ni yeye.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie. Lililonifanya nikuandikie ni Ramisi.

Nilikwenda Jumamosi kumwambia shangazi. Njia nzima nilikuwa ninapanga maneno. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, picha iko ukutani, ameipamba kwa maua ya plastiki. Nikaanzia mbali. Nikamuuliza kama baba alikuwa na masharubu tangu ujanani. Akacheka, "Si hayo unayaona?" Nikamuuliza, kabla ya picha hii, ulikuwa unamkumbukaje? Akaitazama picha. Kisha akasema, "Mwanangu, nisikufiche, uso ulikuwa umeanza kunitoka. Nilikuwa nikimwona kama mtu aliyesimama mlangoni, jua liko nyuma yake. Ulipoleta picha ndipo nilipomwona tena. Sasa hata nikifumba macho namwona hivyo hivyo, na masharubu yake."

Umesikia, Mwalimu? Duniani palikuwa pamebaki mtu mmoja aliyewahi kumwona baba yangu. Mmoja. Alikuwa ameshikilia kidogo tu, kivuli cha mlangoni, lakini kilikuwa chake, cha kweli, na pengine kwa subira na maswali ningekipata. Nawe ukaenda ukakifunika kwa uso wangu. Huko hakuna kijicho cha kufunga. Nilikaa pale mkekani nikahisi kama nimefiwa na baba sasa hivi, kwa mara ya kwanza, mimi ambaye nilizaliwa amekwisha kufa.

Akaniuliza, "Mbona unauliza, mwanangu?"

Maneno nilikuwa nayo yote. Nikamtazama alivyokuwa akiutazama ukuta, nikasema, "Basi tu, shangazi. Nimemkumbuka."

Ndivyo nilivyosema, tena kwa sauti yako ile ya upole. Nilikwenda Ramisi kuufichua uongo wako nikarudi nimeubeba begani, ni wangu sasa, nitaubeba mpaka shangazi afe. Hilo sikujua kama unaweza kunifanyia. Sijui kama ninakukasirikia zaidi kwa uongo wenyewe au kwa kuwa sasa ninajua ulivyokuwa ukijisikia ulipokuwa ukipanga kadi bila kuinua uso.

Nikamuuliza mambo mengine, ambayo karatasi haina. Akaniambia baba alikuwa anaanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia, hivi kwamba hadithi zake hakuna aliyezijua mwisho. Alikuwa akitembea bega moja limeshuka. Ugali hakuupenda mpaka uwe wa jana. Niliyaandika nyuma ya bahasha. Ninakuahidi, au ninajiahidi mimi, kwamba nitakuwa nikienda kila Jumamosi mpaka yaishe yote aliyobakiwa nayo, na sitampeleka picha nyingine.

Ile ya maktaba nimeishusha leo. Shangazi hajui kusoma wala hafiki Msambweni, kwa hiyo hapa ukweli unaweza kukaa. Nimeiandikia kadi mpya: "Wakata miwa, Ramisi. Wa tatu ni baba wa Mejumaa. Uso wake uliharibiwa na mvua. Uso unaoonekana ni wa binti yake, masharubu ya mtu asiyejulikana." Na palipo na nafasi ya aliyetengeneza nimeandika jina lako kamili, kwa wino. Wewe ndiwe uliyesema kadi lazima iseme.

Siku ya mazishi yako, kabla jeneza halijatoka, kaka yako alisimama uani akauliza kama yupo anayemdai marehemu haki yoyote, ajitokeze, au amsamehe kwa ajili ya Mungu. Sisi wanawake tulikuwa ndani. Nilipaza sauti kupitia dirishani, "Nimemsamehe!" Nilikuwa wa kwanza, kabla hata ya mke wako. Nilikuwa ninafikiria siku ile uliyonigombeza mbele ya wasomaji.

Siwezi kuurudisha msamaha ule, na sitaki. Lakini huu mwingine sijautoa. Ninao. Siku nitakapouweza nitakuja Waa, nitakaa chini, nitautamka kwa mdomo wangu mwenyewe nikijua ninasamehe nini. Usinihimize.

Mungu alipanue kaburi lako, Mwalimu wangu, alitie nuru. Hilo ninakuombea na hasira yangu yote. Na kama huko mliko mnakutana, mtafute baba yangu. Yeye ndiye anayekudai zaidi yangu. Simama mbele yake, umtazame usoni, umwambie ulichomfanyia.

Mimi,
Mejumaa