Nguo ya Timarete

Kaka Eufroni,

Huku tupo. Mizeituni imezaa vizuri, na paa uliloahidi kuliziba bado linavuja.

Jana nilikwenda hekaluni Brauroni na ile nguo aliyoifuma wifi Timarete kwa mkono wake, ili akishajifungua salama amshukuru nayo mungu Artemi. Kuhani, mama mmoja mzee, aliipapasa akaniuliza, "Mwenyewe mzima?" Nikamwambia hapana. Basi akaikunja, akaipeleka upande wa pili, kwenye kaburi la Ifigenia, anakopelekewa nguo za waliofia uzazini. Mtoto ni wa kike, ananyonyeshwa na jirani.

Siku mbili za uchungu, mkeo hakukutaja. Alimtaja yule mbuzi tu, mbuzi wa nadhiri yake kwa Artemi, uliyemchoma na wenzako siku ya kusafiri. Nilikukanya, ukacheka: "Dada nawe, Artemi ana mbuzi mlima mzima, huyu mmoja hatamwona."

Pengine kweli hakumwona. Lakini Timarete alikuwa amesimama mlangoni na mimba yake, akikutazama ukila.

Ni mimi dada yako,
Melita