Bobu ya Mwalimu na Maji ya Mzee Salim

Jumanne, 2 Septemba
Vichwa vinne leo, vyote rasta. Mkono bado chuma. Temeke nzima hakuna anayekaza kama mie. Nikikusuka, mwezi wa pili unaingia rasta ziko palepale kama zimepigwa misumari.

Saa kumi kaja Mwalimu Agripina. Mteja wangu miaka kumi na moja, na shoga yangu, japo yeye ana diploma na mie niliishia kidato cha pili. Anataka nimfumue, halafu tukate bobu fupi ya leya, ile ya tabaka tabaka, Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi ya sendi-ofu ya binti yake anayeolewa. Nikamwambia umefika. Bobu nimefundishwa Maskati na Mfilipino niliyefanya naye kazi, kila Ijumaa tulikuwaga tunakatana nywele jikoni. Mtaa mzima unaamini nilikuwa na saluni kule. Nilikuwa naosha vyombo. Hilo halitangazwi.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemfumua Mwalimu. Pembeni mwa paji hakuna kitu. Upara mtupu juu ya masikio yote mawili, upana wa vidole viwili, unang'aa. Nywele nyingine zimetoka na rasta zenyewe, nimebaki nazo mkononi. Akajiona kwenye kioo, akaniita kwa jina.

"Hawa, hii nini?"

Nilijua. Papo hapo nilijua. Ni mkono wangu. Miaka yote analalamika kichwa kinavuta, vipele vinamtoka, hawezi kulala, namwambia meza dawa ya kichwa Mwalimu, uzuri hauji bure.

Nikasema ni maji. Maji ya kisima cha Mzee Salim yana chumvi, yananyonyoa. Uongo ulitoka wenyewe. Wateja wote wakadakia: "Eh, kweli, hata mie zimekatika!" Wananiamini mno. Inatisha.

Jumapili, 7 Septemba
Usingizi sina. Mwalimu si mtu wa kunyamaza, hata nje ya darasa anafundisha. Ametoka kanisani, kaenda moja kwa moja kwenye bomba la Mzee Salim kuwaonya kina mama.

Mzee Salim ndiye mwenye duka la kona. Mwarabu wetu, kazaliwa mtaa huuhuu. Alipofiwa na mama yake alichimba kisima, akatoa bomba nje ya ukuta, kila mtu anachota bure. Sadaka ya marehemu. Leo wanawake wanalipita na ndoo zao: "Maji ya upara hayo!" Wanacheka. Na mie nikacheka nao. Naliandika hili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikucheka.

Jumanne, 9 Septemba
Bomba limetiwa kufuli. Nilikuwepo Mzee akilifunga. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akasema kwa upole, kama anayetaja bei ya unga: "Kama sadaka ya mama yangu inadhuru watu, mwanangu, bora niifunge."

Akaingia dukani. Mie mjuaji, mie niliyepanda ndege, nikageuka nikarudi saluni.

Mchana nimemwona bibi wa nyumba ya nyuma akirudi na ndoo tupu. Yule hana nywele za kunyonyoka, anafunga kilemba mwaka mzima. Maji alikuwa anapikia.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimetoka mara mbili kwenda kwa Mwalimu. Mara mbili nimerudia njiani.

Nikisema, saluni imekufa. Nani atampa kichwa chake fundi anayetoa watu upara? Nisiposema, mtaa unanunua maji ya mkokoteni kwa ajili ya mdomo wangu. Nimewaza nimkate kwanza, apendeze, moyo ulainike, ndipo niseme. Ujanja. Nimechoka na ujanja wangu.

Jumamosi, 13 Septemba
Kaja mapema, kitambaa kichwani. Nikafunga mlango. Nimemwambia kabla sijashika mkasi. Mkono. Uongo. Maji. Yote.

Akavua kitambaa, akajipapasa juu ya sikio.

"Miaka kumi na moja nakwambia inauma."
"Ndiyo, Mwalimu."
"Unanichekesha, nasahau."

Ndivyo nilivyokuwa nafanya. Nikajua anaondoka. Akachukua taulo, akajifunga mwenyewe.

"Kata. Leo ni siku ya mwanangu."

Nimekata kama sijawahi kukata. Kwenye nywele kavu, maana mbichi zinadanganya, zikikauka zinapanda. Kisogoni fupi. Juu nikawa naziinua kwa vidole, tabaka moja moja, kila moja likalie lenzake. Mbele nikaziacha ndefu kidogo, nikazilaza kutoka kwenye paji mpaka masikioni. Upara huuoni.

Akashika kioo kidogo, akakitazama kisogo. Hakutabasamu. "Umekata vizuri. Sasa nenda kwa Mzee. Peke yako."

Nimekwenda. Duka limejaa. Nikasema mbele yao wote, maana hata uongo niliusema mbele ya watu. Sauti ikatoka nyuma: "Loh! Fundi wa Maskati!" Wakaangua kicheko. Mzee alikuwa anapima sukari ya mtu. Akamaliza kupima, akafunga mfuko, ndipo akanitazama.

"Nimesikia, mwanangu."

Basi. Nimelia njia nzima, mtu mzima na matiti yangu.

Jumatano, 17 Septemba
Bomba liko wazi tangu Jumapili.

Mteja mmoja leo, mtoto, nimemsuka mabutu. Nimefagia saluni mara mbili, hamna cha kufagia.

Jioni Mwalimu kapita akitoka shule. Bobu imekaa. Hakuingia. Alinyanyua mkono, na mie nikanyanyua wangu.

Kisogo cha bobu kinataka kunyooshwa baada ya wiki tano, sita hivi. Sijui atampelekea nani.