Siku Ulipoacha Kuvuka

Baba, shikamoo.

Jumamosi tunakujengea kaburi. Saruji imeshafika Sengerema, fundi amepatikana, na Baba mdogo ananipigia simu kuniuliza maneno ya kuandika kwenye msalaba, maana mimi ndiye mkubwa. Yeye anataka yaandikwe kwamba Mungu amekuchukua. Nimeshindwa kumjibu, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mungu hakukuchukua, Baba. Uliacha mwenyewe kuja Mwanza kusafishwa damu. Ulikaa ukingoni mwa kitanda changu pale Nyegezi, miguu imevimba, ukaniambia, "Kabula, sitarudi tena kwenye mashine. Nimeamua." Nikalia, nikakusihi uhamie kwangu moja kwa moja. Ukasema una wanafunzi wa ubatizo wanaokusubiri, tena unataka kulala ukiwasikia ng'ombe wako. Kesho yake nikakusindikiza hadi kivukoni. Ulikuwa na furaha, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Sasa kuna daraja. Gari linapita juu ya ziwa kwa dakika chache tu, pale tulipokuwa tunashinda juani kwenye foleni ya kivuko, wewe umejifunika koti langu, unatetemeka. Kila nikivuka nakuuliza: ni wewe uliyechagua, au ile foleni ilikuchagulia? Daraja lingewahi, ungeendelea? Hasira inanishika hadi siwezi kuyatazama maji.

Majibu ya mambo haya ulikuwa nayo wewe, na ukatekista wako. Kabla ya kumpeleka mtu kwa padri abatizwe, ulimtoa nje ya kanisa, peke yake, ukamwuliza kama kuna aliyemlazimisha. Yule binti aliyeletwa na wakwe zake ulimrudisha nyumbani mchana kweupe, gauni jeupe ameshavaa, wali wa sherehe uko jikoni. Padri alinuna wiki nzima. Ulisema Mungu hapokei mtu aliyeburutwa. Nikakuuliza, basi Farao je, si Mungu mwenyewe aliyeufanya moyo wake mgumu? Ukacheka, ukasema hilo utamwuliza ukifika. Nadhani umeshamwuliza. Mimi huku sina wa kumwuliza.

Lakini habari ya Bwana Yesu bustanini hukuwahi kuicheka. Ulituambia ile bustani haikuwa na kufuli. Angeweza kuondoka gizani, akarudi kwao, akaendelea na useremala wake. Alibaki. Baba yake alitaka, naye akataka, na hakuna awezaye kuonyesha mapenzi ya mmoja yaliishia wapi na ya mwingine yakaanzia wapi. Nilikuwa mtoto, sikuelewa kitu. Sasa naelewa kidogo, na kuelewa huko hakunisaidii kulala.

Baba mdogo nilimwambia ukweli jana. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ukiandika kwamba alichagua, watu watasema alijiua. Katekista mzima."

Hofu yake naielewa, anakulinda. Na mimi, nisikudanganye, kuna siku natamani maneno yake yawe ndiyo kweli. Kama Mungu alikunyakua, basi hukuniacha. Kama ulikuwa huru, basi ulinitazama usoni, ukanipenda, na bado ukaondoka. Hilo la pili ni gumu kumeza, Baba. Ni gumu mno.

Ila nikisema ulichukuliwa tu, nitakuwa nimekufanya mzigo wa kubebwa, wewe uliyekataa kumburuta hata mtoto wa watu. Wala Mungu sitamfanya mwizi ili mimi nipate usingizi. Ulikuwa umechoka, ndiyo. Figo kufa hukuchagua, na foleni hukuichagua. Kilichobaki mkononi mwako kilikuwa kidogo sana, na hicho kidogo ulikitoa mwenyewe.

Barua hii niliishia hapo usiku. Asubuhi hii nimempigia Baba mdogo. Nimemwambia fundi aandike jina lako, na chini yake: Aliitwa, akaitika. Ameyarudia maneno hayo taratibu, kisha akasema yanafaa. Nimemsikia analia.

Pumzika, Baba. Jumamosi nitasimama hapo mpaka herufi ya mwisho ikauke. Usitegemee nitakuambia kwamba nimekubali. Bado sijakubali, na Mungu itabidi anisubiri. Siku nikikubali, nitavuka nije nikuambie mwenyewe.

Mwanao,
Kabula