Nilisema Kulungu Wamezidi, Akafukuzwa Mkwe wa Shemeji

Mpendwa Shangazi Ardith,

Naomba unisaidie, na unisaidie kabla ya Jumanne, wiki mbili kutoka leo, maana siku hiyo kuna mkutano kuhusu kulungu pale ukumbi wa zimamoto na mimi ndiye niliyechaguliwa na kambi yetu ya uwindaji kusoma tamko mbele ya watu wa idara ya wanyamapori, na tamko lenyewe, Shangazi, silikubali hata nusu yake.

Mimi nina miaka sitini na tatu, ni fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, na kila Novemba kwa miaka thelathini na saba nimewinda huku kaskazini mwa Wisconsin kwenye kibanda cha mbao cha shemeji yangu Merle, kaka wa mke wangu. Tuko sita pale, tunacheza karata, tunakoroma, tunadanganyana kuhusu ukubwa wa pembe, na sijawahi kukosa msimu hata mwaka ule nilipovunjika mguu. Sasa Merle ana ugomvi na idara. Novemba iliyopita alikaa siku tatu kwenye kiti chake juu ya mti akaona kindi na kunguru, basi idara ilipotangaza kwamba kulungu wamekuwa wengi na kwamba itaongeza vibali vya kuwinda majike, aliwaka. "Wale wanahesabu kulungu kwa kalamu," anasema, "wamekaa ofisini wamekunja miguu. Ukiua jike mmoja umeua watatu, maana anazaa mapacha." Na wote kambini tunaitikia, na mimi naitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini mwezi wa tatu nilikwenda peke yangu kuangalia kama theluji imebomoa paa la kibanda, nikakatiza kwenye kinamasi cha mierezi, nikakuta kulungu wamekufa, nikahesabu kumi na mmoja halafu nikaacha kuhesabu, wengi ni watoto wa mwaka uliotangulia, wamelala kama waliochoka tu, na mierezi yote imeliwa mpaka pale mdomo unapofika kulungu akisimama kwa miguu ya nyuma, chini ya hapo hakuna jani. Si mbwamwitu, kwa sababu hawakuwa wameraruliwa. Ni njaa. Nilisimama pale nikavua kofia, sijui kwa nini. Sikumwambia mtu.

Halafu idara ikatuma dodoso kwa wawindaji wote, nami nikiwa mezani jikoni na kahawa yangu nikaandika: "Kulungu wamezidi chakula chao. Nendeni mkaangalie kinamasi cha nyuma ya Kijito cha Kanzler." Nikadhani karatasi itaishia kwenye droo. Kumbe idara ikachapisha maoni yote, majina tu ndiyo wameyaficha, na Merle akayasoma mbele yetu Ijumaa wakati tunakula samaki wa kukaanga. Akafika kwenye langu, akaweka uma chini.

"Kijito cha Kanzler," akasema. "Huko kuna kambi moja tu, nayo ni yetu. Kuna nyoka kwetu."

Wote wakamgeukia Tobin, mume wa Janelle binti yake Merle, kwa sababu amesomea misitu na mwaka jana aliuliza mbona hakuna miti michanga nyuma ya kibanda. Kijana akafuta mdomo, akasema taratibu, "Sikuandika mimi, baba. Ila aliyeandika hajakosea."

Na mimi, Shangazi, nikacheka nikasema, "Vijana siku hizi wanasoma sana." Nilisema hivyo. Watu wakacheka, na kesi ikaisha hapo.

Merle amemwambia Tobin atafute pa kulala Novemba hii. Janelle haji tena Jumapili na mtoto, mama yake analia, mke wangu Verna ananiuliza mbona sili. Nikisema kweli nitapoteza kambi, na marehemu baba yake Merle ndiye aliyenifundisha kushika bunduki. Nikinyamaza, namwona yule kijana kila nikifumba macho. Nifanye nini? Tafadhali usichapishe jina langu.

Orrin

*

Orrin,

Pole kwa ulichokiona kinamasini. Mtu anayevua kofia mbele ya mzoga wa kulungu si mtu mbaya. Sasa pole imeisha, sikiliza.

Mimi sitasema kulungu ni wengi au wachache. Walishanilia kabichi zote, kwa hiyo usinifanye mwamuzi. Shemeji yako amekaa siku tatu kwenye baridi akaona kindi, na hilo ni kweli. Wewe umeona mizoga, na hilo nalo ni kweli. Watu wanaweza kubishana kuhusu hayo miaka mia na bado wakala meza moja. Kuandika maoni yako kwenye dodoso hukumkosea mtu, uliulizwa ukajibu.

Kosa lako ni yale maneno matano uliyosema ukicheka. Tobin alikuwa na nafasi ya kujilinda tu, naye akatetea ulichokiona wewe, bila kujua ni wewe. Kijana ambaye hajafikisha nusu ya umri wako alikuwa na uti wa mgongo, wewe ulikuwa na samaki mdomoni. Unaniuliza kama utapoteza kambi. Mwenzako ameshaipoteza, tena badala yako.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma hii, mwambie Verna. Usimfanye mke wako asikie kwa wifi yake. Halafu nenda kwa Merle nyumbani, mchana, yeye peke yake, useme "ni mimi" kabla hujakaa, maana ukikaa utaanza kuzungumzia hali ya hewa. Usijitetee. Akipiga kelele, mwache apige. Ukitoka hapo nenda kwa Tobin, na huko omba radhi mbele ya Janelle, siyo pembeni kwenye pikapu. Tamko la Jumanne mrudishie Merle alisome mwenyewe, ni lake na ana haki nalo. Wewe ukipewa nafasi, sema ulichokiona kinamasini na ukae chini. Na usisubiri kushukuriwa.

Shangazi Ardith

*

Wasomaji wangu, hayo nilimjibu kwa posta mwezi wa tisa. Leo nayachapisha, jina lake likiwemo, kwa sababu ameniletea barua ya pili na ruhusa. Anasema Merle alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akafunga mlango. Siku ya tatu akaja na viatu vya matopeni, akasema, "Nionyeshe." Wakaenda wao wawili na Tobin. Merle alizunguka kwenye mifupa saa nzima, akipapasa magome ya mierezi.

Jumanne alisoma tamko lake lote bila kuruka mstari, akapigiwa makofi. Orrin akasimama akasema ya kwake, akazomewa kidogo. Merle akawageukia waliozomea akawaambia, "Mwacheni amalize, mizoga ipo."

Kijana amerudishiwa kitanda chake. Orrin amepewa kile cha karibu na mlango, na vyombo vyote vya msimu ataosha yeye, na Tobin bado hamzungumzishi sana, jambo ambalo Orrin anasema ni haki yake. Kuhusu idara, Merle anashikilia kwamba hawajui kuhesabu. Lakini wiki iliyopita alipanga foleni akachukua kibali cha jike mmoja, na mtu yeyote akimuuliza anajibu kwamba ni cha Janelle, anapenda nyama laini.